Nani Ameosha Kikombe cha Chifu?

Mkono wa Marit Brandvold ulikuwa bado umeziba kipaza sauti, na Gordon Pruitt alikuwa bado kaachama mdomo katikati ya neno "upendo."

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita. Kama gazeti lako lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, usisononeke, nakupa kwa ufupi. Lowell Brandvold, mwanamaji mstaafu, mtu aliyejua majina ya nusu ya mji huu wa bandari wa Bremerton na majina ya mbwa wa nusu iliyobaki, amefariki. Majivu yake yamo ndani ya kasha la mbao, juu ya meza, mbele ya ukumbi wa wanajeshi wastaafu. Mjane wake, Sheryl, ameshawapa wanamaji neno lake: waje walichukue kasha, walipakie kwenye manowari, majivu yakamwagwe bahari kuu, mahali ambapo ndugu hawaruhusiwi kufika.

Marit hataki. Ndiye binti pekee, aliyezaliwa na mke wa kwanza, na anataka baba yake azikwe kilimani, kando ya mama yake, mahali ambapo mtu anaweza kwenda na ua akakaa. Kisheria neno ni la mjane. Na baharia wa kuja kulichukua kasha yuko njiani.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine yote ni kelele, na siku ile kelele hazikukosekana.

"Umesema alikuwa kama baba yako," Marit akaondoa mkono akamwambia Gordon, bosi wa kampuni ya marehemu, na kipaza sauti kikapeleka sauti yake mpaka jikoni. "Hebu tuambie sasa, baba yako ulimfungia mlango lini?"

Gordon akatabasamu lile tabasamu lake la kwenye picha za kampuni. Akasema hapa si mahali pa jambo hilo.

"Mahali pake palikuwa ofisini," Marit akajibu. "Lakini kadi ya baba ilikuwa haifungui."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akajuta.

Msiojua kisa hiki, sikilizeni. Lowell alitoka mashambani Dakota ya Kaskazini akiwa hajawahi kuona maji mengi kuliko ya birika la ng'ombe. Akajiunga na wanamaji, akapanda mpaka cheo cha chifu, yule askari mzee wa melini ambaye hata maofisa humsogelea kwa adabu. Jina la Chifu likamganda mpaka kufa. Safari moja meli yao ilikaa bandarini ikingoja kipuri kutoka ng'ambo, vijana wakaozea hapo, na siku kipuri kilipofika ndipo wakagundua kwamba kingine kama hicho kilikuwa ghalani mwao wenyewe, kimelaliwa na marobota ya sare. Wenzake walitukana wakasahau. Lowell hakusahau.

Alipostaafu akajifungia gerejini nyumbani kwake na kompyuta ya mtumba, akajifundisha, akaandika programu ya kujua kila kipuri cha kila meli kiko wapi. Akaipa jina la binti yake. Leo ukienda bandari yoyote ya Pasifiki ukauliza boliti iko wapi, watakwambia, "Muulize Marit." Lowell mwenyewe aliiuza kwa mdomo wake, gati kwa gati, kwa kahawa na hadithi. Kampuni ikakua, na kampuni ikishakua huletwa watu wenye suti.

Gordon ndiye aliyeletwa. Akaona kwamba mwanzilishi anakaa kwenye simu na wateja, akiuliza habari za goti la fulani na harusi ya fulani, na programu haitajwi kabisa. Simu ikaondolewa mezani pake. Baadaye kadi ya mlango ikakataa. Chifu akawa anakuja mchana na boksi la donati, anasimama nje, na mlinzi anamwambia mgeni lazima awe na miadi. Mlinzi mwenyewe ni Lowell aliyemtafutia kazi ile.

"Kaa chini, Gordon," akasema mzee Ruben Dimaculangan kutoka meza ya chakula. "Watu wana njaa."

Ruben alikuwa mpishi wa meli moja na Lowell, na ndiye aliyepika siku ile. Gordon akamtazama mpigapicha wa kampuni, mpigapicha akatazama viatu vyake. Gordon akakaa. Na ukumbi ule ule uliokuwa ukimpigia makofi ukampigia makofi Marit, bila haya.

Ninaujua mji wangu. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakaegemea kuta, kila mmoja ana kisa chake: Chifu alinisukumia gari kwenye theluji, Chifu alinisimamia harusi, Chifu alinikopesha boti. Kweli kabisa, aliwafanyia. Lakini miaka yake miwili ya mwisho, moyo ulipoanza kumchezea, alikuwa akipanga viti barazani kila Jumapili, jagi la kahawa katikati, na jioni Sheryl anamsaidia kuvirudisha ndani. Siku hizo wenye visa walikuwa na shughuli.

Sasa rudi mezani, maana hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Kando ya kasha walikuwa wamepanga vitu vyake. Picha ya kijana mwembamba mwenye masikio makubwa kwenye sitaha. Kofia yake. Kibodi ya kwanza, vitufe vimechakaa. Na kikombe cha kahawa, kizito, cheupe, chenye nanga ubavuni.

Marit akakiinua. Akachungulia ndani. Uso ukambadilika.

"Nani ameosha kikombe hiki?"

Kama wewe si mtu wa wanamaji utasema, basi si kimeoshwa tu. Usiseme hivyo Bremerton. Chifu haoshi kikombe chake. Anakisuuza kwa maji akipenda, lakini ile rangi nyeusi ya kahawa iliyogandamana ndani, safari juu ya safari, ndiyo miaka yake ya bahari. Kikombe chenye ndani nyeusi kinaonyesha mtu alikotoka. Kukisugua ni kumvua mtu nishani kifuani. Ruben huwa anasimulia jinsi baharia mmoja mgeni, kijana wa watu mwenye malezi mema, alivyokisugua kikombe cha Lowell kwa nia njema, na jinsi meli nzima ilivyomsikia Chifu siku ile kutoka omo mpaka tezi. Kikaanza upya. Kikaingia weusi tena, kikawa cheusi kuliko mwanzo.

Na sasa ndani yake kilikuwa cheupe kama sahani mpya.

Ruben akaacha kijiko, akaja, akakipokea kwa mikono miwili. Akakinusa.

"Siki," akasema taratibu. "Siki na magadi. Huyu aliyekiosha alikusudia."

Macho ya ukumbi mzima yakaenda kwa mtu mmoja.

Sheryl alikuwa ameketi mstari wa mbele, mkoba magotini. Kabla ya kuolewa na Lowell alikuwa mhudumu kwenye mkahawa wa karibu na gati, na wako wanawake mjini ambao mpaka leo humwita "yule wa mkahawani." Marit hakuwahi kumwita hivyo mbele za watu. Siku ile alimwita vibaya zaidi.

"Ukizoea kuosha vikombe vya wateja," akasema, "hata cha mume unakiona chombo tu."

"Marit," Ruben akamuonya.

"Hapana, anko Ruben, niache. Miaka yote hii naambiwa Sheryl anamjua, Sheryl ndiye aliyekuwa naye. Haya, tazameni. Mtu asiyejua hata kikombe cha baba yangu ndiye anayeamua atupwe wapi? Baba yangu hakuweza kukaa peke yake chumbani dakika tano. Anampeleka katikati ya bahari, hata sisi tusiweze kumsindikiza. Nipe baba yangu, Sheryl. Humjui."

Yale maneno yalipenya. Niliwaona watu wakitikisa vichwa, hata wale waliokula keki ya Sheryl asubuhi ile. Ruben mwenyewe, mtu wa haki, akakiangalia kikombe, akamwangalia mjane, akasema kwa huzuni kwamba anamheshimu, lakini hili la kikombe angependa kulisikia kutoka kinywani mwake.

Sheryl akainuka. Hakuwa na haraka. Akaweka mkoba kwenye kiti.

"Sikukiosha mimi," akasema. "Alikiosha mwenyewe."

Ruben akasema haiwezekani.

"Mimi pia nilisema haiwezekani. Nilimkuta jikoni, mikono ya shati kaikunja, anasugua. Pumzi hana, anasugua anapumzika, anasugua anapumzika. Nikamwambia Lowell, umerogwa? Akaniambia leo Marit anakuja."

Marit akakitazama kikombe mikononi mwa Ruben.

Sheryl akaendelea kwa sauti ile ile ya mtu anayesoma oda. Akasema Lowell alimweleza kwamba Marit alipokuwa mtoto alikuwa akililia kunywa kwenye kikombe kile, na baba alikuwa akimkatalia, hiki si cha watoto, siku ukija kwangu kama mgeni nitakupa unywee. Basi simu imepigwa, binti anavuka Jumapili na kivuko cha mchana kutoka Seattle. Na mgeni hapewi kikombe chenye weusi wa mtu mwingine.

"Akakifuta na shati lake safi," Sheryl akasema. "Akakitia mfukoni mwa koti, akachukua chupa ya kahawa, akashuka gatini peke yake. Nilitaka kumwendesha, akakataa. Amerudi jioni kalowa chapachapa. Akaniambia kivuko kimefutwa, maskini Marit kakwama Seattle na mvua yote hii."

Unasikia mvua juu ya paa, na mashine ya kahawa inachemka yenyewe.

"Hakukinywea tena. Alikuwa anakunywa kwenye glasi. Nikamwambia Lowell, anza leo, kitaingia weusi tena. Akaniambia hapana, hicho kina mgeni."

Mikono ya Marit ilikuwa juu ya meza, imeshika ukingo. Wewe uliyekuja na hasira yako ya haki, umeipiga pasi, umeivaa, halafu unavuliwa mbele za watu, utasimama vipi?

"Na bahari?" akauliza, sauti ndogo. "Kwa nini bahari?"

"Si bahari aliyoitaka. Ni meli." Sheryl akageuka, safari hii akauangalia ukumbi wote, meza kwa meza. "Aliniambia barazani, viti viko vitupu. Akasema, Sheryl, nipeleke melini. Melini watu hawaji kukutembelea. Wapo tu."

Sijui kama umewahi kuona watu mia wakitafuta kitu cha kuangalia sakafuni. Mimi nimeona. Gordon alitoa simu yake akaanza kuisoma, na ilikuwa imezimwa.

Sheryl akakaa. Kisha, na hapa ndipo nilipompenda yule mwanamke, akavuta pumzi akasema neno ambalo hakuna aliyelitegemea.

Akasema alikuwa na kinyongo na Marit. Alimkasirikia kwa kutokuja kesho yake, na Jumapili iliyofuata, na iliyofuata tena, mpaka simu ya hospitali. Lakini siku ile yenyewe Marit alitaka kuja. Kivuko kikifutwa mtu afanye nini, aogelee? Na kama Lowell angejua kwamba binti yake atagombana na ukumbi mzima kwa ajili yake, pengine asingeomba meli.

"Mchukue," akamwambia. "Mzike kwa mama yako. Huyo baharia akifika nitamwambia nimebadili neno. Ila uwe unakuja, Marit. Usimfanye apange viti tena."

Marit akaufunika uso kwa viganja. Ruben akamshika kiwiko, watu wakapumua, mama mmoja akatoa leso. Kasha lilikuwa lake. Ameshinda. Ningekuwa mwandishi mwenye huruma ningekufungia hapo, ukanywe chai yako kwa amani.

Lakini kulikuwa na Duane Stucky.

Duane si mtu mbaya. Ni mfanyakazi wa sitaha kwenye kivuko, mrefu, mwepesi wa kucheka, na alikuwa amekaa karibu na dirisha na sahani ya sambusa nyembamba za Kifilipino za Ruben. Alikuwa rafiki wa Lowell, maana nani hakuwa. Kasoro yake ni moja: ukikisema kivuko chake vibaya, ni kama umemsema mkewe. Na watu wa hapa, ukitaja kivuko, kila mtu ana la kusema.

"Samahani," akasema, mdomo bado una sambusa. "Jumapili ipi hiyo?"

Sheryl akamwambia. Ile ya kabla ya sikukuu ya Shukrani, mwezi wa Novemba.

"Basi Chifu alichanganya," Duane akasema kwa uhakika wa mtu anayetetea kazi yake. "Siku ile hatukufuta safari. Nilikuwa zamu mchana kutwa. Tulikwenda na kurudi kama saa ya ukutani, muulize mtu yeyote."

Marit akatoa viganja usoni.

"Duane," akasema. "Si sasa."

Na yule mrefu akanyamaza hapo hapo. Akamwangalia Marit. Ukaona kichwani mwake kitu kinakaa mahali pake, na ukaona anatamani kisikae. Akaweka sahani chini.

"Endelea," Sheryl akasema.

Duane akasema hakumbuki vizuri.

"Umesema ulikuwa zamu mchana kutwa. Endelea."

"Sheryl, mimi sikuja hapa kwa..."

"Sema, bwana," Ruben akakata. "Umeshafungua mdomo."

Duane akavua kofia akaishika kifuani. Aliongea akiiangalia kofia.

"Marit alikuwemo. Kivuko cha mchana. Nilimsalimia, nikamwambia mzee atafurahi. Alikaa upande wa dirisha, huku mbele. Tukafika Bremerton, tukafunga kamba, watu wakashuka." Akaikunja kofia. "Yeye hakushuka. Tukarudi naye Seattle."

Sheryl aliinuka pole pole, kama mtu anayesikia mlango wa nyuma unafunguliwa.

"Aliniambia kimefutwa," akasema. "Lowell hakuwahi kunidanganya."

"Mimi ndiye niliyemwambia kimefutwa," Marit akasema.

Alisema wazi, kwenye kipaza sauti kile kile, maana hakuna aliyekumbuka kukizima. Na baada ya hapo hakujitetea, na kwa hilo nampa sifa.

"Nilikuja kugombana," akasema. "Njia nzima nilikuwa nayapanga. Nimekua nikisikia, Marit amekwama, Marit amefanya vizuri leo, Marit anahitaji usiku mzima. Na Marit huyo ni ile programu ya gerejini. Nilikuwa nasimama mlangoni na nguo za kulalia, ananiambia subiri mwanangu, Marit ana tatizo. Jina langu akaipa mashine, na muda wangu akaupa mji mzima. Kila mtu hapa ana kisa cha baba yangu. Mimi sina. Basi nikasema leo atanisikia."

Akakichukua kikombe kutoka mikononi mwa Ruben.

"Nikamwona kupitia dirishani. Amekuwa mdogo. Koti linamning'inia. Anamshika mkono kila anayeshuka, anawaambia binti yangu yumo humu. Watu hawamjui hata, wanavuta masanduku yao, yeye anawaambia. Kikombe anacho mkononi. Sikuweza kugombana naye. Na kitu kingine cha kufanya naye sikukijua. Nikakaa. Nikasema nitashuka wakishapungua. Kisha kamba zikafunguliwa."

"Ukampigia," Sheryl akasema.

"Nikampigia. Nikasema kivuko kimefutwa, baba. Akasema pole mwanangu, na mvua hii. Kaa mahali pa joto."

Yule mama mwenye leso alikuwa sasa analia yeye. Mimi sikulia. Mimi nilikasirika, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani, maana kila nikimshika mmoja namwona aliyemfikisha hapo.

Marit akamgeukia Duane. Aliuliza kitu ambacho nadhani alikuwa hajawahi kujiruhusu kukiuliza.

"Uliniona mimi, na ulimwona yeye. Yeye aliniona?"

Duane akazungusha kofia.

"Chifu alikuwa anatupungia kila tukiondoka," akasema. "Sitaha nzima tulimzoea. Siku ile nikainua mkono kumjibu, nikaona si sisi anaotuangalia."

"Alikuwa anaangalia wapi?"

"Dirisha lako. Mkono mmoja ana simu sikioni. Mkono mwingine ameinua kikombe. Alikaa hivyo, kakiinua, mpaka tukapinda ile rasi."

Kwa hiyo alijua. Aliposema pole mwanangu, alikuwa anamtazama usoni. Akarudi nyumbani amelowa, akamwambia mkewe uongo wa kwanza wa ndoa yao, ili binti asisemwe vibaya. Kisha akaenda akaomba meli.

Marit hakukirudisha kikombe mezani. Akakikumbatia.

Na wakati huo huo mlango wa ukumbi ukafunguliwa.

Baharia alikuwa mwanamke, sare nyeusi, glavu nyeupe, matone ya mvua mabegani. Kila aliyewahi kuvaa sare akasimama wima bila kuambiwa. Akatembea katikati ya meza mpaka mbele ya kasha, akapiga saluti, saluti ya pole pole ile wanayowapigia wafu. Kisha akageuka, akasema kwa adabu kwamba ametumwa kumchukua Chifu Brandvold, na gari liko mlangoni, na meli inamngoja. Anaomba kusikia neno la mjane.

Sheryl hakumwangalia baharia. Alikuwa anamwangalia Marit, na uso wake haukuwa na hasira tena. Ulikuwa na kitu kibaya kuliko hasira, uchovu wa mtu aliyekuwa akivirudisha viti ndani kila Jumapili bila kujua ni vya nani.

Marit akanyoosha mkono juu ya kasha. Mkono wa baharia, kwenye glavu nyeupe, ulikuwa umeshatangulia upande wa pili.

"Mama," baharia akarudia. "Nimchukue?"

"Usiniulize mimi," Sheryl akasema. "Muulize huyo. Muulize kama safari hii atashuka."